Kitabu cha mitindo 100, nimefuma miwili tu

*"Shikamoo mwalimu. Naishi Njombe, nafuma seti za watoto wachanga, yaani sweta, kofia na soksi, na kuuza. Ndugu yangu aliyeko Marekani aliniletea kitabu cha kufuma, jalada linasema mitindo 100. Hadi leo nimefuma miwili tu. Mingine inataka uzi ambao sijawahi kuuona dukani. Sweta moja nilifuata kila kitu, hata sindano namba 6 kama kilivyosema, ikatoka kubwa kupita mtoto. Mingine naona ni sweta ileile imebadilishwa rangi. Kiingereza changu ni cha darasa la saba. Wateja wanasema kazi zangu zinafanana, na nimeweka akiba ninunue kitabu kingine. Nichague kipi chenye mitindo mingi zaidi, nisirudie kosa? Au niache vitabu, niangalie video kwenye simu?"*

Marahaba dada, na pole. Kabati langu lina vitabu vitano au sita vya namna hiyo: picha safi, mtoto mzuri kwenye jalada, na kurasa ambazo hazijawahi kuguswa na mkono wenye kazi. Kwa hiyo hauko peke yako. Ila kabla sijakutajia kitabu chochote, tuizungumze kwanza hiyo sweta iliyotoka kubwa. Usipoelewa kilichotokea pale, kitabu kijacho kitakula akiba yako vilevile.

Wewe ulitumia sindano namba 6, na kitabu kilisema namba 6. Lakini namba 6 ya Marekani ni sindano ya milimita 4. Namba 6 ya Uingereza ya zamani, ile iliyogongwa kwenye sindano nyingi tulizorithi kwa mama na shangazi zetu, ni milimita 5. Tena hesabu zao zinakwenda kinyume: kwa Mmarekani namba ikipanda sindano inanenepa, kwa Mwingereza wa zamani namba ikipanda sindano inakonda. Ndiyo maana namba 8 ni milimita 5 kwa huyu na milimita 4 kwa yule. Kitabu chako kimetoka Marekani, na nahisi sindano zako ni za hesabu ya Kiingereza.

Sasa tazama milimita moja inavyofanya kazi. Tuseme mgongo wa sweta ya mtoto wa miezi sita unatakiwa uwe na upana wa sentimita 25. Kwa uzi wa kawaida wa sweta na sindano ya milimita 4, wengi hupata vitanzi 22 katika sentimita 10, kwa hiyo unaanza na vitanzi 55. Ukivifuma vitanzi hivyohivyo 55 kwa sindano ya milimita 5, huenda ukapata vitanzi 18 tu katika sentimita 10. Mgongo unakuwa na sentimita 30 na kitu. Mbele vilevile. Mzunguko mzima umeongezeka sentimita 11, na mtoto amezama ndani ya sweta kama yuko kwenye gunia. Hukukosea kusoma. Ulisoma vizuri namba isiyo yako.

Dawa yake ni ndogo. Nunua kile kibao chenye matundu ya kupimia sindano, pitisha sindano zako zote, kisha andika milimita ya kila moja kwa kalamu ya wino. Uzi nao una mtego wake. Vitabu vingi vya Marekani hutaja jina la kampuni ya uzi, wewe ukafikiri bila uzi ule hakuna sweta. Jina lile lisikutishe. Tafuta mchoro mdogo wa bonge la uzi wenye namba ndani yake, kuanzia 0 hadi 7. Namba 3 ndiyo uzi unaotoa vitanzi 21 hadi 24 kwa sentimita 10, na uzi mwingi wa sweta za watoto madukani kwetu, hata huu wa akriliki, unaangukia hapo. Namba 4 ni mnene zaidi. Ukijua namba, jina la kampuni limekwisha kazi.

Nije kwenye swali lenyewe. Tunaposema kitabu cha "mitindo mingi", neno hilo limebeba vitu viwili tofauti, na wanaotengeneza majalada wanalijua hilo. Kuna mtindo wa vazi: sweta yenye kola, sweta ya vifungo, kofia ya masikio. Na kuna nakshi: zile alama zinazojitokeza kwenye kitambaa chenyewe, kama misuko, vitundu, majani, mistari ya rangi. Kitabu chako ni cha mavazi. Kitabu cha mavazi chenye sweta 100 kinakupa sweta 100 kwa hesabu ya jalada. Ukitoa zile za watu wazima, zile zilizorudiwa kwa rangi nyingine, na zile ambazo hakuna mtu Njombe atamvalisha mwanawe, unabaki na kumi. Kitabu cha nakshi hakina sweta hata moja. Ni kama kamusi: vipande vidogo vya mraba, kila kimoja na nakshi yake. Mnunuzi akikifungua mara ya kwanza hukasirika, anaona ametapeliwa. Lakini wewe tayari unajua kufuma sweta ya mtoto. Chukua sweta hiyo moja unayoijua hata usingizini, iingizie nakshi 200 tofauti, na una sweta 200 ambazo umbo lake hutalikosea.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kwa mtu wa aina yako, nunua kamusi ya nakshi. Usinunue kitabu kingine cha mavazi.

Najua utaniuliza nakshi inaingiaje kwenye sweta bila maelekezo, na hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapokata tamaa. Kila nakshi hujirudia baada ya idadi fulani ya vitanzi. Kamusi nzuri huandika idadi hiyo juu ya kila nakshi, kwa mfano 6 + 1. Maana yake: chukua vitanzi kwa makundi ya sita, uwezavyo, kisha ongeza kimoja mwishoni ili kushoto na kulia vilingane. Mgongo wetu una vitanzi 55. Sita mara tisa ni 54, ukiongeza kimoja ni 55. Nakshi imeingia kama kufuli na ufunguo wake.

Safari nyingine haiingii. Chukua nakshi ninayoiita ya jamvi, maana inafanana na jamvi lililosukwa. Hiyo ni 6 + 3. Safu ya kwanza: vitanzi vitatu vya mbele, vitatu vya nyuma, rudia hadi mwisho, umalizie na vitatu vya mbele. Ukigeuza kazi, fuma kama inavyokutazama: kitanzi laini fuma mbele, chenye nundu fuma nyuma. Safu nne zikiisha badilisha, palipokuwa laini paote nundu, nne nyingine, kisha rudi mwanzo. Sasa hesabu: sita mara nane ni 48, ongeza tatu, ni 51. Wewe una 55. Vimebaki vinne. Viweke viwili kila pembeni, uvifume wazi bila nakshi, navyo vitakusaidia sana wakati wa kuunganisha mbele na nyuma. Ndiyo siri yote. Hesabu ya darasa la tatu, na Kiingereza hakihitajiki.

Ila nakshi hazina tabia moja. Misuko huvuta kitambaa ndani, kama nywele za twende kilioni zinavyobana kichwa. Ukiweka misuko mitatu kifuani bila kuongeza vitanzi, sweta ya miezi sita itamtosha mtoto wa miezi miwili. Nakshi za vitundu zinafanya kinyume, hulegea na kutanuka, hasa zikishafuliwa. Kwa hiyo kabla ya kuanza sweta, fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15 cha nakshi yenyewe, kifue, kikauke, kisha pima katikati uone ni vitanzi vingapi kwa sentimita 10. Najua hakuna anayependa kufuma sampuli. Mimi pia sipendi. Nimefumua mgongo mzima mara mbili kwa uvivu huo, na mara ya pili mteja alikuwa amekaa mbele yangu anasubiri.

Sasa, kamusi ipi? Mabingwa wa kufuma ukiwauliza wengi watakutajia Barbara G. Walker wa Marekani. Kitabu chake cha kwanza cha nakshi kilitoka mwaka 1968 na kina zaidi ya nakshi 500. Cha pili, cha mwaka 1970, kina zaidi ya 700. Kwa wingi na uaminifu, ni hazina kweli. Lakini kwako nasita. Vitabu hivyo viwili vimeandikwa kwa maneno, safu baada ya safu, kwa Kiingereza kilichofupishwa, na picha nyingi hazina rangi. Mtu asiyezoea lugha ile atachoka ukurasa wa kumi. Cha tatu, cha mwaka 1972, nakshi zake zimechorwa, na ndicho ningekupa mkononi kati ya vitatu hivyo.

Kwa maana kinachokufaa wewe ni kitabu chenye ramani. Ramani ya kufuma ni karatasi ya miraba: kila mraba kitanzi kimoja, kila mstari wa miraba safu moja. Unaanza chini kabisa, upande wa kulia, unakwenda kushoto; ukigeuza kazi unasoma mstari wa pili kutoka kushoto kwenda kulia. Kumbuka tu kwamba ramani inaonyesha sura ya mbele ya kitambaa. Mraba mtupu ni kitanzi laini kwa mbele, kwa hiyo ukiwa upande wa nyuma unakifuma kinyume chake. Ukishazoea, macho yanaona ua likijengeka kwenye karatasi kama linavyojengeka kwenye sindano, na ukikosea unajua umekosea wapi. Maelekezo ya maneno hayakupi hilo.

Wajapani wamefika mbali katika jambo hili. Alama zao za kufuma zimewekewa kiwango kimoja cha taifa, ndiyo maana kuna watu duniani wanafuma kutoka vitabu vya Kijapani bila kujua kusoma neno hata moja la lugha hiyo. Kamusi ya Hitomi Shida yenye nakshi 260 imetolewa kwa Kiingereza mwaka 2017, na nakshi zake ziko kwa ramani. Ni kitabu kizuri mno, na nitasema ukweli wake: nakshi nyingi humo ni nzito, msuko unapita juu ya vitundu, vitundu vinazunguka jani. Kwa sweta ya arusi ya mtoto wa dada yako, sawa. Kwa biashara, utatumia labda moja kati ya tano, pamoja na zile za pindo. Hata hivyo hiyo moja kati ya tano ni nakshi 50.

Ukikuta kamusi nyingine isiyo na jina kubwa, hata ya mtumba, usiidharau. Nakshi haichakai. Mabega ya sweta ya mwaka 1985 yamepitwa na wakati, lakini jani lililofumwa mwaka huo ni jani hadi leo. Ifungue katikati, usitazame kurasa za mwanzo zilizopambwa. Je, picha ya nakshi imepigwa kwa karibu, kitambaa kikiwa kimelazwa, kiasi kwamba unaweza kuhesabu vitanzi? Je, kuna idadi ya kujirudia juu ya kila nakshi? Je, nakshi zimegawanywa kwa makundi, au ni kurasa sitini za misuko ikifuatiwa na kurasa sitini za misuko mingine? Hapo ndipo wingi wa kweli unapoonekana. Kitabu chenye nakshi 150 za makundi sita kitakufaa kuliko chenye 400 za kundi moja. Kama unanunua mtandaoni, mwombe ndugu yako akutumie picha ya yaliyomo na kurasa mbili tatu za ndani kabla hajalipa.

Na tafadhali achana na nakala za kutoa kopi zinazouzwa kwa bei poa. Acha suala la haki ya mwandishi, ambalo nalo ni la kweli. Kwenye kopi mbaya, nukta ndogo ndani ya mraba hufutika, na nukta hiyo ndiyo iliyokuwa inakwambia kitanzi kiende nyuma. Utafuma siku mbili ukidhani mkono wako una mkosi. Kwa kuwa unauza, soma pia ule ukurasa wa mwanzo wenye haki za kitabu. Waandishi wengine wa mavazi wanakataza kuuza nguo iliyofumwa kwa maelekezo yao. Nakshi za kawaida kama jamvi na misuko ni za kale, hazina mwenyewe.

Kiingereza kisikuogopeshe kupita kiasi. Herufi k ni kitanzi cha mbele, p ni cha nyuma. Yo ni kuzungusha uzi juu ya sindano ili pabaki kitundu. K2tog ni kufuma vitanzi viwili kwa pamoja, na sl ni kuhamisha kitanzi bila kukifuma. Ukiongeza vifupisho vingine saba au vinane, umemaliza karibu lugha yote ya kitabu cha kufuma. Viandike kwenye karatasi ngumu, ibandike ukutani unapokaa. Kama unashona na kroshia, hapo angalia zaidi, maana Mwingereza na Mmarekani wanatumia jina moja kwa mishono miwili tofauti. Kwenye kufuma kwa sindano mbili wanaelewana kwa sehemu kubwa, mtego mkubwa ni hizo namba za sindano.

Kuna jambo lingine ambalo hukuniuliza. Wateja wanasema kazi zako zinafanana, nawe ukaamua tatizo ni kitabu. Inawezekana. Lakini mama anayenunua seti ya mtoto huangalia rangi kwanza, bei pili, kisha ndipo nakshi. Nakshi inayokuongezea saa nne za kazi haitakuongezea bei ya saa nne. Kwa hiyo kwenye kamusi yako chagua zile zinazojirudia kila safu nne hadi nane, ambazo baada ya jioni moja zinakaa kichwani na unaweza kufuma huku unaongea. Chagua pia nakshi za rangi mbili za kuhamisha vitanzi, ambazo kila safu unafuma kwa rangi moja tu. Zinaonekana ngumu kwa mteja, lakini ni nyepesi kwako, na zinamaliza vile vibonge vilivyobaki kwenye kapu. Zile za kubeba rangi mbili kwa pamoja huacha nyuzi ndefu upande wa ndani, na vidole vya mtoto mchanga vinanasa humo. Vitundu vikubwa kwenye mkono wa sweta vina shida hiyohiyo. Na kamba za kufungia shingoni, ambazo vitabu vya zamani vinazipenda sana kwenye kofia, ziache kabisa. Weka kifungo kilichoshonwa imara.

Kuhusu video: zina kazi yake. Ukikwama jinsi ya kupishanisha msuko, video ya dakika mbili itakuonyesha mkono ukitembea, jambo ambalo hakuna mchoro unaoweza. Ila huwezi kulaza video hamsini mezani ukachagua kati yake, na kila ukirudisha nyuma bando linaliwa. Kitabu cha kuchagulia, simu ya kujikwamulia.

Kuna mambo ambayo si kitabu wala mimi kwa maandishi tutayaona. Kitanzi kina miguu miwili, na wa mbele ndio unaotakiwa kuchukuliwa. Wengi tuliofundishwa nyumbani huzungusha uzi kinyume au kuchukua mguu wa nyuma, na vitanzi vinajipinda. Kwenye sweta ya wazi hakuna atakayejua. Kwenye nakshi za vitundu, majani yote yatalalia upande usiotakiwa, nawe utalaumu kitabu. Kama umefuma nakshi ileile mara tatu kwa makini na haifanani na picha, mtafute fundi mzoefu akae kando yako atazame mikono yako kwa robo saa. Uliza pia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, au chuo cha ufundi cha VETA kilicho karibu kama wana mtu wa kufuma. Kabla ya hapo, jaribu kutafuta masahihisho ya kitabu kwenye tovuti ya mchapishaji, kwani vitabu vya kufuma huchapwa na makosa mara nyingi kuliko tunavyodhani. Na kama kidole gumba na viwili vinavyofuata vinakufa ganzi usiku, au mkono unauma hata siku usiyofuma, hapo nenda hospitali mapema, usisubiri msimu wa baridi wenye oda uishe.

Kitabu chako cha mitindo 100 usikiuze bado. Angalia mwishoni kama kuna blanketi la miraba. Vitabu vya watoto vingi huwa nalo. Kila mraba wa blanketi lile ni nakshi, na umekuwa nayo kabatini bila kujua. Hesabu ipo mingapi, chagua mmoja wenye vitanzi vinavyoingia kwenye 55, na ufume kwa sindano uliyoipima.